Nikupake? Holi na Watoto wa Chekechea

Kaskazini mwa India, siku ya Holi, sikukuu ya rangi ya Wahindu, ina kauli inayomsamehe karibu kila mtu: "Bura na mano, Holi hai," yaani usikasirike, leo ni Holi. Mwenye kuitamka huchota gulal, ile poda laini ya rangi, akampaka jirani usoni au akammwagia mpita njia maji ya rangi, na aliyepakwa hutarajiwa kucheka na kulipiza kwa furaha. Kauli hiyo ina uzuri wake, kwa kuwa kwa saa chache tajiri na kibarua, mzee na kijana, mkubwa wa kazi na aliye chini yake huweka kando daraja zao na kukutana barabarani wote wakiwa na sura moja ya rangi. Lakini mimi ni mwalimu wa chekechea jijini Dar es Salaam, watoto wangu wana umri wa miaka 3 hadi 5, na nina msimamo mmoja kuhusu sikukuu hii ambao sijaona sababu ya kuulegeza: hadithi za Holi, vyakula vyake, nyimbo, maji na rangi zote zinakaribishwa darasani, isipokuwa kauli hiyo. Mtoto mdogo hapakwi rangi kabla ya kuulizwa.

Msomaji anaweza kutaka kujua Holi imefikaje katika ua wa chekechea ya hapa kwetu. Imefika siku nyingi. Wafanyabiashara Wahindu kutoka Kutch na Gujarat, magharibi mwa India, ambao wazee wa pwani waliwaita Mabaniani, walikuwa wamekwisha kujikita Unguja na Mombasa kabla Sultani Majid hajaanza kuijenga Dar es Salaam katika miaka ya 1860, na nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, yenye asili ya Kutch, ndiyo iliyokodishwa ukusanyaji wa ushuru wa forodha ya Zanzibar kwa sehemu kubwa ya karne ya 19. Leo mahekalu ya Kisutu yamekaa katikati ya jiji, hatua chache kutoka misikitini na makanisani, na watoto wa familia hizo huketi katika mkeka mmoja na watoto wa Kizaramo, Kichaga na Kipemba. Mtoto wa darasani kwangu anapofika asubuhi akiwa na alama ya rangi ya waridi nyuma ya sikio ambayo maji ya kuoga hayakuifikia, wenzake huuliza. Swali lao linastahili jibu la kweli.

Familia nyingi za Kihindu katika darasa langu zina asili ya Gujarat, na kwao sikukuu ni ya siku mbili. Jioni ya mwezi mpevu wa Phalgun, mwezi wa kalenda ya Kihindu, ambao huangukia mwishoni mwa Februari au ndani ya Machi, huwashwa moto mkubwa wa kuni, na kesho yake ndiyo Dhuleti, siku ya rangi. Watu huuzunguka moto ule wakidondosha maji kutoka katika chombo kidogo, wakitia motoni nafaka mpya, bisi, tende na nazi nzima, na nazi ikishaungua huopolewa, ikapasuliwa na kugawiwa kwa waliohudhuria. Kuna desturi moja ambayo mimi huipenda kuliko zote: mtoto aliyezaliwa baada ya Holi iliyopita hubebwa na wazazi wake na kuzungushwa moto akiwa amevishwa vizuri, kwa kuwa hiyo ndiyo Holi yake ya kwanza, na ndugu humletea zawadi. Watu wanaodhani kwamba Holi ni sherehe ya vijana ya kurushiana poda wakiwa na spika kubwa hawajaiona ikiwa mikononi mwa bibi aliyempakata mjukuu wa miezi 7.

Bibi wa namna hiyo ndiye aliyetufungulia sikukuu. Mjukuu wake anamwita Ba, kama ilivyo desturi ya Wagujarati, na kufikia mwisho wa asubuhi darasa zima lilikuwa likimwita hivyo hivyo. "Shikamoo, Ba," waliimba kwa pamoja, naye akaitikia, "Marahaba, wanangu," kwa Kiswahili cha mtu aliyezaliwa Tanga na kuuza vitambaa miaka yote ya ujana wake. Alikuwa amefungasha kwenye kitambaa nazi iliyotoka katika moto wa usiku uliopita. Kumbi lake lilikuwa limeungua likabaki makaa membamba yaliyokuwa yakibanduka, na ndani yake kifuu kilikuwa kimepasuka ufa mmoja uliotoa harufu ya moshi na mafuta. Watoto waliigusa mmoja baada ya mwingine, wakatazama vidole vyao vilivyogeuka vyeusi, na masizi yale yakawa rangi ya kwanza ya siku ile. Ba hakuwakataza kujipaka. Aliwaambia kwamba kwao majivu ya moto huo nayo hupakwa katika paji la uso.

Hadithi ya moto ndiyo inayompa mwalimu kazi. Mfalme Hiranyakashipu alitaka aabudiwe yeye peke yake, mwanawe Prahlada akashikilia kumwabudu mungu Vishnu, na dada wa mfalme aitwaye Holika, aliyekuwa amejaliwa kutodhuriwa na moto, akampakata mtoto yule akaketi naye katikati ya ndimi za moto. Holika akateketea, Prahlada akatoka salama. Kwa watoto wa miaka 3 mimi huishia kusema kwamba mtoto alitishiwa na watu wazima na akanusurika, nao huridhika. Wale wa miaka 5 hawaridhiki, kwa kuwa Holika ni shangazi, na shangazi wanayemjua wao ni yule anayekuja Jumapili na mfuko wa maembe. Msichana mmoja aliuliza kwa nini shangazi yule alikuwa mbaya. Nilimwachia Ba ajibu. Alisema kwamba Holika alipewa nguvu ya kumkinga yeye, akaitaka imuumize mtoto, na siku hiyo hiyo nguvu ikamwacha. Nimesoma maelezo mengi marefu kuhusu kisa hiki, na hilo la Ba ndilo ninalolitumia tangu hapo.

Hadithi ya pili ni nyepesi zaidi kwa watoto, ila kwa mwalimu wa Kiafrika inahitaji uangalifu mkubwa zaidi. Mungu Krishna, ambaye wachoraji humpaka rangi ya samawati na ambaye maandiko humsifu kwa weusi wake, alipokuwa mdogo katika nchi ya Braj, huko karibu na Mathura, alimlalamikia mama yake Yashoda kwamba Radha, msichana aliyempenda, ni mweupe na yeye ni mweusi. Mama akamwambia aende akampake Radha rangi yoyote aipendayo. Inasemwa kwamba mchezo wa Holi ulitoka hapo, na hadi leo vijiji vya Braj kama Barsana na Nandgaon, pamoja na mji wa Vrindavan, husherehekea kwa siku nyingi kuliko mahali pengine. Sasa fikiria hadithi hiyo ikisimuliwa mbele ya watoto ambao wengi wao ni weusi, katika jiji ambalo sabuni na krimu za kung'arisha ngozi zinauzwa licha ya kupigwa marufuku. Msimuliaji asipojihadhari, mtoto ataondoka akijua kwamba hata mungu wa watu alisikitikia weusi wake.

Mimi huisimulia kwa kusimama pale ambapo masimulizi yenyewe yanasimama, yaani katika mapenzi. Katika hadithi zote za Braj, Radha hampendi mtu mwingine ila huyo mweusi, wachunga ng'ombe wote humwimbia yeye, na jina lake moja, Shyam, linatokana na rangi yake hiyo hiyo. Yashoda hakumtafutia mwanawe dawa ya kuwa mweupe. Alimpa rangi za kuchezea, na mchezo ukiisha hakuna aliyejua nani alikuwa wa rangi gani. Nikifika hapo huwaonyesha watoto picha ya Krishna akiwa na filimbi na unyoya wa tausi kichwani, na huwaacha waitazame bila maelezo yangu. Mvulana mmoja mweusi sana, mpole, asiyezoea kusema mbele za watu, aliweka mkono wake juu ya picha, sambamba na mkono wa Krishna, akaniangalia na kutabasamu. Sikuona haja ya kuongeza neno.

Sasa rangi. Gujarat ina mti uitwao kesudo, ambao mwezi wa Holi huwa umepukutisha majani yote na kubaki na maua ya rangi ya chungwa iliyokolea kama moto, na tangu zamani watu waliloweka au kuchemsha maua hayo wakapata maji ya manjano ya kurushiana. Kwao ni majira ya kuchipua, baridi imekwisha na ngano inakaribia kuvunwa, tofauti na Dar es Salaam ambako Machi ni joto la kunata na mawingu ya masika. Poda zinazouzwa leo madukani aghalabu hazitokani na ua lolote. Uchunguzi wa maabara nchini India umewahi kukuta risasi na metali nyingine nzito katika baadhi ya poda za bei ya chini, na Shirika la Afya Duniani linasema wazi kwamba hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Mtoto wa miaka 3 hutia vidole mdomoni mchana kutwa. Kwa hiyo kanuni yangu ni kwamba rangi ya chekechea iwe kitu ambacho mtoto akikiramba, mama yake hatakosa usingizi.

Tunazitengeneza wenyewe siku chache kabla, na kazi hiyo ni sehemu ya sikukuu. Manjano ya jikoni, yaliyochanganywa na unga wa mchele uliochekechwa, hutoa rangi ya dhahabu bila shida. Juisi ya bitiruti hukandwa na wanga wa mahindi, ikaanikwa kwenye sinia kivulini, kisha mabonge yake yakasagwa na kuchekechwa mara mbili, nayo hutoa waridi inayofanana kabisa na gulal. Mchicha au majani ya mkunazi yaliyokaushwa na kusagwa hutoa kijani kilichofifia, ambacho watoto hawakipendi sana lakini hukikubali. Kwa nyekundu tuna bahati ya kuwa jirani na Zanzibar: mbegu za mzingefuri, ambazo wenye mashamba ya viungo huwapaka wageni midomoni, zikisuguliwa na mafuta kidogo hutoa rangi nzito inayotosha darasa zima, ila haitoki katika nguo, na mzazi aambiwe hilo mapema.

Kitu kinachowashangaza kuliko vyote ni manjano yenyewe. Humwagia maji kidogo kwenye bakuli la manjano, kisha nikamwita mtoto mmoja atie kijiko cha magadi ya kupikia. Manjano hubadilika mbele ya macho yao, yakawa mekundu ya kahawia kama udongo wa Singida. Mtoto wa pili hukamua ndimu, povu likapanda, na unjano ukarudi. Wahindu wameijua siri hii kwa karne nyingi, kwa kuwa ile poda nyekundu ya kumkum inayopakwa katika paji la uso kwa asili yake ni manjano yaliyotiwa chokaa. Watoto hudai turudie, na mimi hurudia hadi ndimu ziishe, kwa sababu katika meza ile wanajifunza kutazama kwa subira, jambo ambalo sijui njia nyingine nzuri zaidi ya kulifundisha katika umri wao.

Ndipo tunafika kwenye lile nililoanza nalo. Kabla ya kutoka uani, tunafanya mazoezi ya maneno machache. Anayetaka kupaka anasimama mbele ya mwenzake, anamtazama, anasema, "Nikupake?" Mwenzake anajibu, "Nipake," kisha anaonyesha mahali, au anasema, "Usinipake," na yule wa kwanza anaondoka kwenda kwa mwingine bila kununa. Tunafanya mazoezi hayo kwa mikono mitupu kwanza, tukajipaka rangi isiyokuwepo, na mimi mwenyewe huomba watoto waniulize na mara kadhaa huwakatalia, ili waone kwamba hata mwalimu husema hapana na urafiki haukatiki. Rangi hupakwa kwa vidole viwili, shavuni, mkononi au mguuni. Haitupwi usoni, na haiendi karibu na macho, pua wala mdomo, kwa kuwa poda laini ikivutwa huamsha kikohozi na kumhangaisha mtoto mwenye pumu.

Kuna wanaoniambia kwamba utaratibu huu unaipoozesha Holi. Nimewasikiliza, baadhi yao ni wazazi wanaoikumbuka Holi ya utotoni mwao huko Rajkot au Jamnagar kwa machozi ya furaha, na ninaelewa wanachokililia. Lakini huko huko India wanawake wamekuwa wakisema kwa miaka kwamba chini ya kauli ya "usikasirike" wameshikwa na kupapaswa na watu wasiowataka. Mtu hujifunza mahali fulani kwamba mwili wa mwenzake una mlango, na pa kujifunzia ni hapa, kwenye umri huu, akiwa na bakuli la manjano mkononi. Isitoshe, wapo watoto ambao kuguswa tu ni mateso kwao. Mwaka mmoja tulikuwa na mvulana asiyevumilia kitu chochote chenye ungaunga katika ngozi yake. Wenzake walimuuliza mmoja baada ya mwingine, naye akawajibu "usinipake" kwa sauti iliyozidi kupata nguvu kila mara. Mwishowe akaja rafiki yake wa siku zote, akamuuliza, naye akavua kiatu, akatoa kidole gumba cha mguu, akasema, "Hapa tu." Akapakwa waridi kwenye kucha moja, na akashinda nayo hadi saa ya kwenda nyumbani, akimwonyesha kila aliyepita.

Kwa wasiotaka kupakwa kabisa tunatundika shuka jeupe kwenye kamba ya nguo, na wao hulipiga kwa maji ya rangi kutoka katika chupa zilizotobolewa vizibo, badala ya zile bomba za kurushia maji ziitwazo pichkari. Shuka hilo huwavuta hata waliokwisha kupakwa. Jambo jingine silijadili na mtu yeyote: pasiwepo moto wala mashine ya kupulizia poda mahali panapochezewa rangi. Wanga mkavu ukitanda hewani kama wingu hushika moto kwa kasi ya ajabu, na tarehe 27 Juni 2015, katika bustani ya maji karibu na Taipei nchini Taiwan, tamasha la poda za rangi liligeuka moto uliowaua watu 15 na kuwaunguza mamia. Moto wa Holi ubaki kwa familia, usiku, katika kiwanja cha hekalu. Chekechea inatosheka na nazi ya Ba.

Wazazi Waislamu na Wakristo huuliza kama mtoto wao anaingizwa katika ibada ya watu wengine, na swali lao ni la haki. Huwajibu kwa barua kabla, nikieleza bayana kitakachofanyika: watoto watasikia kwamba wenzao wanaamini hivi na hivi, watatengeneza rangi, watacheza na watakula, na hakuna atakayesali, kuinama mbele ya picha wala kupakwa alama ya dini. Aliyekataa mtoto wake asishiriki huheshimiwa bila kuhojiwa, na mtoto huyo hupewa shughuli kamili na mwalimu mwenzangu, wala hawekwi kwenye benchi awatazame wenzake. Katika kuandaa barua hiyo nimejifunza kuwauliza kwanza wazazi Wahindu wenyewe, kwa sababu sikukuu ni yao, na wao pia hutofautiana. Baba mmoja alinishukuru kwa kutowavisha watoto vilemba vya maigizo. Mama mwingine aliniomba nisiseme kamwe kwamba Holi ni "hekaya", kwa kuwa kwao Prahlada ni kielelezo cha imani na humtaja katika sala.

Chakula tunakifanya chepesi: tende, nazi, dengu za kukaanga na bisi, vile vile vinavyotiwa motoni jioni ya mkesha. Wenye umri usiofika miaka 4 hawapewi bisi wala dengu nzima kwa kuwa huweza kuwakaba, na tende zao hutolewa kokwe na kukatwa vipande. Kwa miaka 3 mfululizo, 2024, 2025 na 2026, Holi imeangukia ndani ya Ramadhani, na wasaidizi wetu wawili waliokuwa wamefunga waliwakatia watoto tende saa 4 asubuhi kisha wakaondoka jioni kwenda kufuturu kwa tende hizo hizo. Tulihamishia michezo ya maji saa za mapema kabla jua halijapanda, ili mfungaji asikimbizane na watoto katika joto la mchana, na mimi na wenzangu tusiofunga tulibeba ndoo.

Kabla ya kutoka nje kila mtoto hupakwa mafuta ya nazi usoni, mikononi na katika nywele, kama wanavyofanya India, na hapa pwani hakuna mzazi anayehitaji kuelezwa faida yake. Mchezo ukiisha, poda hupanguswa kwanza ikiwa kavu, kisha hufuata maji ya uvuguvugu na sabuni laini, kwa kuwa anayeanza na maji huigeuza poda kuwa uji. Manjano hubaki kwenye kucha siku kadhaa kama hina ya Idi iliyopita, na hilo nalo huandikwa katika barua.

Kalenda ya Wahindu huongeza mwezi mmoja kila baada ya takribani miaka 3 ili sikukuu zisihame majira yake, na kalenda ya Kiislamu haiongezi. Mwaka 2027 Holi inatarajiwa kuwa tarehe 22 Machi, na Ramadhani itakuwa imekwisha siku kadhaa kabla. Wasaidizi wetu wameshaniambia kwamba safari hiyo bisi watakaanga wao, na kwamba Ba aulizwe kama anaweza kuleta nazi mbili.